Ustadhi wa Karasha na Idi Yetu ya Mapema

Shaaban hii hakuja mtu. Nilifagia mbele ya mgahawa, nikachemsha chai ya tangawizi aliyoipenda, nikakaa nikiitazama barabara ya Nyasubi na pikipiki zake, huku najua kabisa kwamba ninayemsubiri amezikwa Shinyanga tangu mwaka jana. Ukishamzoea mtu kukujia kila mwaka siku chache kabla ya mfungo, moyo hautaki kusikia habari za kaburi. Namkumbuka mpaka naumwa. Nalisema waziwazi, maana yeye mwenyewe hakuwapenda watu wanaozungukazunguka maneno.

Wote tulimwita Ustadhi, ingawa kazi yake haikuwa kufundisha. Alikuwa fundi wa karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, inayopiga kelele kutwa na kutoa vumbi jeupe linaloingia hata kwenye sufuria zilizofunikwa. Nilimkuta kwenye rashi moja, machimbo yaliyofumuka ghafla huko porini, mbele ya Ushirombo, nilikokwenda kuwapikia wachimbaji baada ya mume wangu kuniacha na mtoto mdogo. Dhahabu ilikuwa imeonekana, watu wamemiminika kutoka Geita na Kahama na kwingineko, mahema ya turubai kila upande, na hapakuwa na msikiti wala kanisa wala choo cha maana. Waislamu tulikuwa wachache kati ya mamia ya watu. Bila yeye tusingejuana.

Alitukusanya kwa kimya. Hakuwa na kipaza sauti, na hata angekuwa nacho, nani angemsikia katika kelele zile? Kwa hiyo wakati wa sala ulipofika alizima mashine. Pori lote lilitulia ghafla, ukasikia watu wanakohoa ndani ya mahema, ukasikia nyundo za wapasua mawe, na wewe ukajua ni adhuhuri. Wasiokuwa Waislamu nao walizoea. Wachimbaji Wasukuma walipangiana shughuli kwa kimya cha Ustadhi: tukutane kimya cha pili, nitakulipa kimya cha tatu. Mwenye karasha alinuna mwanzoni, akidai anapotezewa muda, lakini mafundi waliokuwa wanaijua ile mashine kama yeye hawakuwapo, basi akanyamaza.

Usidhani alikuwa mtu mpole wa tasbihi na tabasamu. Alikuwa na hasira za karibu. Mkanda wa mashine ukikatika aliutukana kwa Kisukuma, tena matusi ya wazi, kisha akasema astaghafirullah, kisha akautukana tena maana ulikuwa bado umekatika. Alikuwa mtumwa wa ugoro. Kopo lake dogo la bati halikutoka mfuko wa shati mwaka mzima, isipokuwa mchana wa Ramadhani, na siku tatu za kwanza za mfungo hakukalika naye. Alijijua. Usiku wa kuamkia mfungo alikuwa ameshapita hema kwa hema kutuomba radhi kwa maneno ambayo bado hajayasema.

“Mama Salma,” aliniambia mwaka wa kwanza, amesimama mbele ya jiko langu, “kesho na kesho kutwa na mtondo nitakukosea. Sijui nitasema nini, lakini itakuwa mbaya. Nisamehe kabisa.”

“Sasa Ustadhi, si ungejizuia tu?”

“Nitajizuia, mayo,” akajibu, akiniita mama kwa Kisukuma. “Ndiyo maana nimesema siku tatu. Nisingejizuia ningesema thelathini.”

Na kweli kesho yake aliniambia kwamba moshi wa jiko langu unafaa kufukuzia nyuki. Nilicheka mpaka nikasahau kiu.

Mambo yake mengine hayakuoana, na sikuona akihangaika kuyaoanisha. Alifanya kazi miaka na miaka pembeni ya mashimo, lakini hakuwahi kushuka hata shimo moja. Alikiri mbele ya vijana kwamba anaogopa, na kwamba mwanadamu atashushwa chini mara moja kwa lazima, hana haja ya kufanya mazoezi. Aliwakemea wachimbaji waliokwenda kwa waganga kutafuta nyota ya dhahabu, akawaambia wanamshirikisha Mungu na kuku. Nyonga ilipombana, alilala kifudifudi kwenye mkeka wa bibi mmoja wa Kisukuma aliyejaa hirizi, akapakwa mizizi iliyopondwa wiki nzima. Tulipomtania alijibu kwamba yeye amekwenda kwa mzizi, hakwenda kwa hirizi. Bibi yule alimpenda sana, na kila Idi alimletea maziwa mgando kwenye kibuyu.

Alichokuwa mkali nacho kuliko vyote ni msamaha. Siku hizi ukifika mwisho wa Shaaban simu inajaa ujumbe wa aina moja: kama nimekukosea kwa kujua au kutojua, nisamehe tuingie mwezi mtukufu tukiwa safi. Mtu anaandika mara moja, anawatumia wote, pamoja na fundi bomba na aliyemuuzia godoro. Ustadhi alikuwa na simu ya vibonye, na kila ujumbe wa namna hiyo aliujibu kwa neno moja: Lipi? Watu walikereka. Kijana mmoja alimfuata hadi kwenye mashine kumweleza kwamba ule ni utaratibu tu, watu wote wanafanya.

“Basi umeuomba radhi utaratibu,” akamwambia. “Mimi hujaniomba bado. Wewe juzi ulichukua koleo langu ukasema hujaliona. Sema koleo.”

Kijana akasema koleo. Ustadhi akamkumbatia, wote wawili weupe kwa vumbi, na sijui ni nani aliyefurahi zaidi. Aliamini kosa lisilotajwa linabaki mahali pake, hata likiombewa radhi mwaka mzima. Alifanya hivyo na kwa upande wake: akikuomba msamaha alitaja alichofanya, siku gani, mbele ya nani, hata kama wewe mwenyewe ulikuwa umesahau na ungependa kubaki umesahau.

Sasa nifike kwenye langu.

Mwaka wangu wa pili pale porini, Salma alikuwa na miaka minne, anakaa na mama yangu hapa Kahama. Nilimwahidi kwa simu kwamba Idi nitamvalisha mwenyewe. Lori la magunia lilikuwa linarudi Kahama alfajiri ya Idi, na dereva, Mwislamu, alisema wazi: mwezi ukionekana anaondoka, usipoonekana anabaki siku nzima na atapakia mzigo mwingine wa kwenda Geita, Kahama hafiki tena. Jioni ya siku ya ishirini na tisa mtandao uligoma. Kwa kawaida ulipanda juu ya kichuguu ukapata alama mbili. Jioni ile hata juu ya kichuguu hapakuwa na kitu. Redio iliyokuwepo ilikuwa imekufa betri. Watu walisimama nje wakitazama juu, kila mtu na upande wake.

Nilikuwa nimepika tangu asubuhi. Ukiwa mama ntilie wa wachimbaji, Ramadhani unapika mchana kwa wasiofunga na jioni kwa waliofunga, na wewe mwenyewe hujaonja chumvi. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nawaza gauni la mtoto lililokuwa kwenye begi langu. Nikaenda kwa Ustadhi, nikamkuta anajifuta vumbi shingoni, nikamwambia nimeuona mwezi.

“Umeuona?”

“Nimeuona, Ustadhi. Mwembamba. Mawingu yakaufunika.”

Aliniuliza nimeuona wapi, nikamwonyesha. Alinitazama, akainama akaosha uso, akainuka akatangaza Idi. Watu walipiga kelele za furaha. Mimi nilikwenda kufunga begi langu.

Tulifika Kahama saa nne asubuhi. Nilishuka Nyasubi nimevaa dera jipya, wanja machoni, natafuna andazi, na mfuko wa peremende mkononi. Mtaa mzima ulikuwa umefunga. Migahawa ya Waislamu imeshusha mapazia, wazee wamekaa vibarazani midomo mikavu, na mimi napita katikati yao natafuna. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa aliniangalia, akaangalia andazi, akageuza uso kwa adabu. Mama yangu alikuwa uani anapepeta mchele.

“Idi mubaraka, mama!”

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. “Idi ya wapi hiyo?”

“Mwezi umeonekana kule kwetu. Ustadhi katangaza.”

Hivyo ndivyo nilivyosema. Ustadhi katangaza. Kosa la kwanza nililifanya kwa uchovu, lakini hili la pili nilikuwa nimeshakula na nimeshalala ndani ya lori. Mama akanipokonya andazi mkononi kama mtoto. Mchana ule kisa kilikuwa kimeshafika sokoni, na watu wakapata cha kuchekea mpaka Idi yenyewe ilipofika kesho yake. Walimwita Shehe wa Mwezi wa Porini. Jina lilienea mpaka Shinyanga mjini; madereva wa malori walikuwa na kazi ya kulisambaza. Salma alivaa gauni lake siku mbili mfululizo, na siku ya pili lilikuwa na doa la tambi.

Kule porini, nilivyosimuliwa baadaye, walisali Idi, wakachinja mbuzi, na saa sita mchana akafika bodaboda kutoka Ushirombo na habari kwamba mjini watu wamefunga. Ustadhi alikwenda kuzima mashine, ambayo siku hiyo ilikuwa inaendeshwa na mtu mwingine, ili wote wasikie. Akasimama akasema kwamba wamekula siku ya Ramadhani, kosa ni lake, kila mtu ataifunga siku hiyo baada ya Idi, na anawaomba radhi mmojammoja. Wakataka kujua ni nani aliyeuona huo mwezi. Wachimbaji wana hasira, na wengine walikuwa wameshika mapanga ya kuchinjia. Akajibu, “Aliyetangaza ni mimi.” Waliuliza mara tatu na mara tatu alisema hivyohivyo.

Sikurudi tena kule. Nilimwambia mama nimechoka na moshi. Siku yangu niliilipa mwezi uleule wa Shawwal, nikifunga kimyakimya kama anayejificha na madeni. Baada ya miezi michache dhahabu ya pale ilikatika, watu wakatawanyika, kila mtu kwenye rashi yake.

Hapo ndipo safari zake zilipoanza. Kulikuwa na watu waliopanda lori letu, na wengine waliokuwa wameondoka kwa miguu alfajiri ile, ambao hawakuisikia habari ya bodaboda. Ustadhi alihesabu kwamba hao wote wana siku moja ya Mungu mabegani na hawaijui. Basi kila Shaaban aliomba ruhusa kazini akaenda kuwatafuta. Alikwenda Geita, akaenda machimbo ya ndani kabisa ambako anayeulizia mtu kwa jina hudhaniwa ni askari. Alipigwa mara moja, akafungiwa stoo mara moja. Akimpata mtu wake alimwambia: siku ile niliyowatangazia Idi haikuwa Idi, ilipe, na mimi unisamehe.

Kisa alichokipenda kunisimulia ni cha mchimbaji mmoja aliyempata kwenye shimo huko Geita.

“Akaniambia, ‘Ustadhi, mimi ni Mkatoliki.’ Nikamwambia, ‘Si ulifunga na sisi mwezi mzima?’ Akasema, ‘Nilikuwa namtafuta binti wa Kiislamu.’ Nikamuuliza, ‘Ulimpata?’ Akasema hakumpata. Nikamwambia, ‘Basi naomba unisamehe na hilo.’”

Alikuwa akinisimulia hayo kwenye mgahawa wangu huu, maana kila safari alipita Kahama. “Mwangaluka, mayo,” aliniamkia kutoka mlangoni kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, hata ikiwa jioni. Nilimwamkia shikamoo, nikampa chai na nyama ya mfupa laini, na akamuuliza Salma amefika darasa la ngapi. Alizungumza habari za mvua, za kifua kilichoanza kumbana, za timu yake iliyofungwa. Kisha alinawa, akaniaga, akaondoka kumwomba radhi mtu mwingine.

Mimi hakuniomba.

Miaka tisa alipita hapa, na mara zote tisa nilikaa upande wa pili wa meza nikingoja aseme. Angeniomba radhi ningepata upenyo wa kusema langu. Lakini alikula, akashukuru, akaenda. Nikajua maana yake. Niliamini amenihukumu: kwamba kwa wengine yeye ndiye mkosa, ila kwangu mimi ananingoja nitaje, kwa sharti lake lilelile, na mpaka nitakapotaja hana cha kuniambia. Kila mwaka nilijiapiza, na kila mwaka nikamwongezea nyama badala ya maneno. Nilifunga Ramadhani zote hizo kwa bidii, nikasoma, nikatoa sadaka ya futari, na kila nilipoinua mikono nilimwona anajifuta vumbi shingoni.

Mwaka jana Shaaban ikaisha bila yeye. Nikasikia kwamba yuko Kambarage, Shinyanga, kwa binti yake, na kifua kimemweka chini. Ramadhani ilipofika katikati nikafunga mgahawa, nikapanda basi.

Nilimkuta uani, ameegemezwa mito kwenye kiti cha kamba, amepungua mpaka kanzu imemzidi. Binti yake, mama wa makamo mwenye sauti kama ya baba yake, alikuwa anamlazimisha kunywa uji. Hospitali walikuwa wamemkataza kufunga. Aliponiona aligeuza uso ukutani, akamalizia uji kwa haraka.

“Nisamehe, Mama Salma. Nakula mbele yako na wewe umefunga.”

“Ustadhi, wewe ni mgonjwa.”

“Mgonjwa pia ana haya.”

Binti akaingia ndani na kikombe. Nilijua nikianza na habari za mvua nitaondoka sijasema, kama miaka yote, basi sikukaa hata vizuri kwenye mkeka. Nikamwambia, “Ustadhi, mwezi sikuuona. Nilikudanganya. Nilitaka kupanda lori nikamwone mtoto. Halafu nikafika Kahama nikasema wewe ndiye uliyetangaza, wakakucheka nchi nzima. Naomba unisamehe uongo, na unisamehe lile jina.”

Alikohoa kwa muda mrefu. Nilidhani analia, kumbe anakohoa kweli.

“Wewe nilikusamehe kabla lori halijawashwa,” akasema. “Mayo, ulinionyesha mashariki.”

Sikuelewa.

“Nilikuuliza umeuona wapi, ukanionyesha kule jua linakotoka. Mwezi mchanga unakaa huko? Ulikuwa umechoka, hukujua hata unaelekeza wapi. Nilijua palepale kwamba hujaona kitu. Na hata ungekuwa umeuona, mwezi wa kufungulia unataka mashahidi wawili. Hilo nimelisoma nikiwa mtoto. Mimi nilichukua mmoja, tena najua anadanganya.”

“Kwa nini?”

“Nilikuwa na kiu,” akasema. “Hakuna kingine. Siku ile vumbi lilikuwa limenikaa kooni tangu asubuhi, nikasema sitaweza kesho. Wewe ukaja na uongo wako, nikauchukua, nikaushukuru.”

Akaendelea, akivuta pumzi kati ya neno na neno. “Wote nimewaomba. Wewe nilikuwa nakukwepa. Kwako nisingeweza kusema nimekosea tu. Ningelazimika kusema nilijua. Nilikuja kila mwaka niseme, nakula nyama, naondoka. Kule porini walidhani namficha mtu. Nilikuwa najificha mimi.”

Ungedhani ningeinuka nimshike miguu. Nilikasirika. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Miaka tisa sijalala vizuri Ramadhani, nikijiona nimemchafua mtu wa Mungu, na huyo mtu wa Mungu anakaa mbele yangu kila mwaka anachambua mfupa, anajua! Nikamwambia hivyohivyo, kwa sauti isiyofaa kwa mgonjwa wala kwa aliyefunga.

“Ndilo hilo ninalokuomba,” akasema. “Nilikuacha ubebe peke yako, miaka tisa. Nisamehe. Lakini kama halijatoka moyoni usiseme. Mimi sitaki utaratibu.”

Kwa hiyo sikusema. Nilikwenda jikoni kumsaidia binti yake kukaanga kachori, nikakatakata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika. Kupitia dirishani nilimwona amekaa, mikono magotini. Binti alimpelekea maji mara mbili, akayakataa, akasema atakunywa pamoja na mgeni. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha ndege aliyeshikwa. Mtu ambaye ameruhusiwa na daktari na dini yake, mchana mzima anakaa na kiu uani, ananingoja. Nilimtazama mpaka nikaanza kuionea haya hasira yangu. Haikuisha yote, nisiseme uongo tena. Ilipungua ikaacha nafasi.

Adhana ya magharibi ilipoanza nilitoka na kikombe cha maji na tende. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikampelekea kikombe mdomoni kabla sijagusa changu.

“Nimekusamehe, Ustadhi. Kunywa.”

Hakunywa. Alishika kifundo cha mkono wangu kwa vidole vilivyokuwa vyepesi sana, maji yanatikisika kati yetu.

“Sema tena,” akasema.

Nikasema tena, kwa sauti, mpaka binti yake akatoka mlangoni kuangalia kuna nini. Ndipo akanywa.